Kubeti WWE, kubeti UFC na mpira, au kutabiri tu kibandani: hiyo elfu kumi yako iende wapi

Binamu yangu anaendesha boda hapa Busia, upande wetu wa Uganda, na wiki mbili zimepita alikuja kwangu jioni na simu mkononi ananionyesha saiti moja ya nje imeweka odi za WWE, ile mieleka ya televisheni ya Marekani (odi ni ile namba dau lako linazidishwa nayo ukishinda, ikiwa ndogo ujue huyo ndiye anatarajiwa kushinda), akaniambia kaka angalia, hii ni pesa ya bure, mieleka si imepangwa, sasa mtu kama mimi ambaye nimeangalia tangu niko primary nasoma stori tu najua nani anabeba mkanda, kwa nini niendelee kuchomeka na Arsenal kila Jumamosi? Nikamwambia ngoja kwanza usitume hiyo pesa. Tangu siku hiyo nimekaa na hilo swali kwa sababu kwa kusikia haraka haraka anasema kitu cha maana kabisa, na najua hayuko peke yake, vijana wengi kwa stage wanafikiria hivyo hivyo. Kwa hiyo naweka hizi njia kando kwa kando, kubeti mieleka ya skripti, kubeti mapambano ya kweli kama UFC, ile ya ngumi na mateke na kukabana, na ngumi za kawaida na mpira, na kutabiri na marafiki bila kampuni yoyote katikati, kila mtu aone yake.

Mimi napimia kwa swali moja: kabla kengele haijalia, kuna binadamu anayejua jibu tayari?

Kwa mpira hakuna, labda mechi iwe imeuzwa, na hiyo ni jinai. Kwa UFC hakuna. Kwa mieleka wapo, na ni wengi kuliko unavyodhani, wanaoandika stori wanajua, wapiganaji wote wawili wanajua, refa anajua na ana kifaa sikioni anaambiwa mambo yakibadilika, wanaosimamia kamera na taa wanahitaji kujua ili wasikose tukio, na nyumbani kwa hao wote kuna mke, kaka, rafiki. Kampuni yenyewe haijaficha, mwaka 1989 walienda mbele ya wabunge wa jimbo la New Jersey wakasema wazi kwamba ile ni burudani, ili watolewe chini ya tume inayosimamia michezo ya ulingoni na kodi zake. Kwa hiyo ukiweka pesa pale unashindana na nani? Binamu anadhani anashindana na kampuni ya kubeti. Hapana, kampuni ya kubeti na yeye wote hawajui, anayejua ni mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu naye ana simu na anaweza kubeti, au ana shemeji anayeweza kubeti.

Na hii unaiona kwa odi zenyewe. Siku nne tano kabla ya onyesho kubwa kama WrestleMania odi zinakuwa zimetulia kidogo, mmoja 1.60 mwingine 2.20, mambo ya kawaida, mashabiki wanaweka kwa yule wanayempenda. Halafu saa za mwisho zinaanguka, yule wa 2.20 unakuta amekuwa 1.20, halafu 1.08, halafu 1.03, na hakuna habari yoyote imetoka, hakuna mtu ameumia. Ni taarifa imevuja na pesa yake imeingia. Wanaofuatilia hii biashara wanajua kabisa kwamba odi za mwisho za mieleka ndizo zinazosema ukweli, sio stori ya kwenye televisheni, na ndiyo maana kampuni zinazoweka hizi odi zinakuwekea kikomo kidogo sana cha kubeti, kwa sababu zenyewe zinajua haziko salama.

Sasa hapo binamu alinirukia, akasema basi si nisubiri saa ya mwisho niweke kwa yule wa 1.05 nile kidogo kidogo? Tukapiga hesabu hapo hapo juu ya boksi ya sigara. Ukiweka 10,000 kwa odi ya 1.05 unarudishiwa 10,500, yaani faida 500, bei ya chapati. Ukikosea mara moja tu 10,000 imeenda, na kuirudisha unahitaji ushinde mara 20 mfululizo. WWE kwa mwaka mzima ina maonyesho makubwa machache, kila moja mapambano matano hadi saba hivi, kwa hiyo kosa moja linakula miezi yako. Na ukiweka mapema wakati odi bado tamu, hapo ndipo yule anayejua anakungoja, anachukua pesa ile ile uliyodhani ni ya bure.

Halafu kuna hili la kwamba hata anayejua anaweza asijue. Watu wanasema imepangwa kama vile imechapishwa kitabuni, lakini skripti ya mieleka inabadilika hadi dakika ya mwisho. Aprili 2014 kule New Orleans, Undertaker alikuwa na rekodi ya 21 kwa 0 kwa WrestleMania, dunia nzima hakuna aliyefikiria Brock Lesnar atamshinda, na akamshinda, uwanja mzima ukakaa kimya nambari za 21 kwa 1 zikatokea juu. Undertaker mwenyewe alishaeleza baadaye kwamba uamuzi ulibadilishwa siku ile ile, alifika uwanjani akijua anashinda. Sasa niambie wewe uliyeko Busia umeisoma stori miezi mitatu, ungeiona wapi hiyo? Na Montreal, Novemba 1997, ile ni mbaya zaidi, Bret Hart aliingia ulingoni na makubaliano mengine kabisa, akiwa ameshikwa na Shawn Michaels wamemgeuza tumbo chini kengele ikapigwa kwa amri ya bosi wa kampuni, Vince McMahon, mkanda ukaenda. Bingwa mwenyewe alikuwa hajui matokeo ya pambano lake. Novemba 2015 Seth Rollins akaumia goti kule Dublin kwenye onyesho la kawaida tu, sio hata la televisheni, mkanda ukabaki wazi na stori yote ya miezi iliyokuwa mbele ikatupwa.

Na Cody Rhodes. Hii inamuuma binamu mpaka leo. Aprili 2023 kila kitu kilimwelekea Cody, ameshinda Royal Rumble, lile pambano la watu wengi ambalo mshindi anapata nafasi ya kugombea mkanda WrestleMania, baba yake aliyefariki hakuwahi kushika huo mkanda, watu wanalia kwenye kibanda chetu cha video, na bingwa Roman Reigns akamshinda. Cody akaja kuupata 2024 kule Philadelphia, mwaka mzima baadaye. Kama shabiki nasema walifanya vizuri, ilitufanya tungoje na ilipofika ilikuwa tamu sana, mwandishi kazi yake ni hiyo, akufikishe mahali unaona kabisa kitu kinakuja halafu akunyime. Lakini hebu tazama maana yake kwa mtu wa kubeti: huyu anayeandika analipwa ili wewe ukose kutabiri. Kwa mpira hakuna mtu kama huyo. Kipa hajali wewe ulidhani nini.

Sasa weka UFC kando yake, na hapa kuna jambo zuri la kulinganisha kwa sababu tangu Septemba 2023 WWE na UFC ziko chini ya kampuni moja, TKO, bosi mmoja, moja imeandikwa na nyingine ni ngumi za kweli. Novemba 2022 kulikuwa na pambano la UFC, Darrick Minner na Shayilan Nuerdanbieke, na saa chache kabla yake pesa nyingi ikaingia ghafla kwa upande wa Shayilan, tena ashinde raundi ya kwanza. Ikatokea hivyo hivyo, Minner akarusha teke, mguu ukamletea shida, akamalizwa raundi ile ile ya kwanza. Haikuishia hapo. Uchunguzi ulifunguliwa, ikajulikana alikuwa ameingia na jeraha hakulisema, tume ya michezo ya jimbo la Nevada ikamsimamisha, kocha wake akasimamishwa, na UFC ikawaambia wapiganaji wakibaki na huyo kocha hawapewi pambano. Yaani odi kuhama vile kwa UFC ni kesi, kwa mieleka odi zinahama vile vile kila onyesho kubwa na hakuna wa kumwita mbele aeleze, maana hakuna sheria ya mchezo iliyovunjwa, mchezo wenyewe haupo, ni onyesho.

Na kwa UFC unachokijua wewe kina kazi. Ukijua kwamba Alex Pereira alishawahi kumshinda Adesanya huko kwenye kickboxing, ngumi na mateke, kabla hawajakutana UFC, hiyo ni taarifa, Novemba 2022 ingekusaidia, ingawa Aprili 2023 Adesanya alimlaza chini na kujirudishia mkanda. Ukijua mpira, ukajua beki wa kati ameumia, ukajua timu imecheza Alhamisi Ulaya inacheza tena Jumapili, inakusaidia kidogo. Kidogo tu, sitaki kumdanganya mtu. Kwa mieleka kujua kwamba fulani ana nguvu au mbio haikusaidii kitu, kilo zake sio sababu ya kushinda.

Lakini msinielewe kwamba nasema kimbilieni mpira. Kampuni inakula kwa kila odi inayoweka na watu wengi hawajawahi kuonyeshwa inakula wapi. Chukua mechi ina odi 2.10 kushinda nyumbani, 3.30 sare, 3.40 mgeni. Gawanya 1 kwa kila moja, unapata kama asilimia 47.6, na 30.3, na 29.4, jumlisha ni 107.3. Ingekuwa haki ingekuwa 100. Hiyo 7 na kitu ni yao, hata kabla mpira haujapigwa. Kwa hiyo kila 10,000 unayoweka ni kama imeshakuwa 9,320. Na ukifanya kama wengi wetu, mkeka wa mechi tano, yaani mechi tano kwa tiketi moja na zote lazima zitoke, ile asilimia inajizidisha yenyewe mara tano, 10,000 yako inakuwa kama 7,000 kwa wastani. Ndiyo maana wanakusukuma kwa mkeka mrefu na bonasi juu yake. Kama lazima ubeti mpira, beti mechi moja, kiasi ambacho kikipotea nyumbani hawatalala njaa, basi.

Na ule mpira wa kompyuta uliojaa kwa maduka ya kubeti, zile timu za katuni zinazocheza kila dakika chache, watu wanauliza ule si umepangwa pia kama mieleka? Ni tofauti. Pale mashine inatoa matokeo kwa bahati nasibu, hakuna anayejua mbele, kwa hiyo hakuna mvujisho, lakini faida ya kampuni imefungiwa ndani na mchezo unarudi haraka sana, kijana anaingia na 20,000 saa nne asubuhi na saa tano yuko nje amesimama. Kwangu mimi huo ni mbaya kuliko zote, hata kuliko mieleka, kwa sababu ya ile kasi.

Tukija kwa sheria ya hapa kwetu. Uganda kubeti ni kuanzia miaka 25, sio 18, sheria ya 2016 ndiyo ilisema hivyo, na kampuni inatakiwa iwe na leseni ya ile bodi ya taifa ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha. Maduka yetu yenye leseni utakuta zaidi ni mpira, mieleka unaikuta kwa saiti za nje, na hapo ndipo namuuliza binamu, wakikataa kukulipa utaenda wapi? Utapanda basi? Kwa duka lililoko barabarani hapa angalau kuna mlango wa kugonga na kuna bodi ya kulalamikia. Hata Marekani kwenyewe wamesita. Machi 2023 habari zilitoka kwamba WWE inaongea na wasimamizi wa kubeti wa majimbo kadhaa ili mapambano makubwa yaruhusiwe, wakitaka matokeo yalindwe na kampuni ya wahasibu EY, mfano wa kura za Oscar, zile tuzo za filamu, ambazo nazo zinalindwa na wahasibu, matokeo yafungwe mapema na wapiganaji waambiwe karibu na muda, na Colorado ikajibu kwamba haijafikiria kuruhusu kitu kama hicho. Mimi naona ule mfano wa Oscar haufanani. Kura za Oscar zikishapigwa zimepigwa, hakuna anayezigusa. Mieleka wakifunga matokeo miezi kabla, mtu akiumia goti Dublin watafanya nini? Na bosi akiamka asubuhi amebadili mawazo kama siku ya Undertaker?

Kuna na hili la saa ambalo kwetu huku ni kubwa kuliko yote. Onyesho likianza saa moja jioni kule mashariki ya Marekani, kwetu ni saa nane au saa tisa usiku, kutegemea miezi. Nani yuko macho? Kwa hiyo kibandani tunaangalia marudio, kesho yake jioni au hata siku tatu baadaye na mtafsiri wa Kiganda juu yake, na mwenye bando ameshasoma matokeo asubuhi akinywa chai. Mwaka juzi niliweka 20,000 mkono kwa mkono na mtu tuliyekaa benchi moja, pambano limeanza tayari, yeye anasema kwa utulivu kabisa kwamba huyu anaanguka, mimi nabisha kwa moyo wote. Nilikuja kuambiwa na kijana wa pembeni kwamba yule bwana alikuwa ameiangalia fainali yote kwa simu saa kumi na mbili asubuhi. Hela ilikuwa ya daftari za mtoto na iliniuma sana, na urafiki ukafa hapo, mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana kwa kichwa tu. Kwa hiyo usibeti marudio na mtu yeyote, hata ndugu yako, hata kama anaapa.

Naongeza la Mukono, mji ulio karibu na Kampala, kwa sababu kuna watu wameanza kuongea kuweka hela pale pia. Wale vijana wa Soft Ground Wrestling, wanaoruka kwenye ulingo wa tope uliozungushiwa mianzi na kamba, video zao zimezunguka dunia nzima, Bumbash aliyewaanzisha aliwakusanya watoto waliokuwa hawana kitu akawapa kazi ya kufanya na miili yao. Ni onyesho, mtindo ule ule wa mieleka ya televisheni, na ni zuri, kijana anaanguka kwenye tope vile bila godoro unasikia mbavu zako mwenyewe. Ninaogopa siku pesa ya kubeti ikifika pale. Yule kijana anajua nani anashinda leo. Mtu akija na laki mbili amuulize tu jina moja, tunamweka kwenye mtihani ambao hakuuomba, na onyesho lake analolipenda linageuka kitu cha kushuku. Mukono nenda ukanunue tiketi, piga kelele, nunua fulana yao. Hela yako itafika kwa anayeanguka.

Kwa hiyo nani achague nini. Kama umefika miaka 25 na umeamua kubeti kwa pesa, nenda kwa pambano ambalo hakuna aliyeliandika, UFC, ngumi, mpira, kampuni yenye leseni, mechi moja moja, na uweke kiwango cha wiki usikipite. Kama unachopenda ni mieleka yenyewe, usiipeleke kwa kampuni, hata odi ziwe tamu vipi. Kama bado una miaka 20, 22, sheria imeshakujibu, na bado kuna njia ya tatu ambayo kusema kweli ndiyo mimi naipenda kuliko zote, kutabiri kwa daftari.

Sisi tumeianza hivi. Mzee mwenye kibanda ana daftari la kurasa 96, kabla ya onyesho kubwa kila mtu anaandika anatabiri nani anashinda kila pambano, na kwa sababu mieleka ni stori unaandika pia anashindaje, kwa haki, kwa wizi, kwa mtu wa tatu kuingia na kiti. Mshindi sawa pointi moja, namna sawa pointi mbili. Daftari linafungwa Jumamosi jioni kabla onyesho halijaanza Marekani, mzee analifungia kwenye sanduku lake la tiketi, hata ukisoma matokeo asubuhi haikusaidii kitu. Anayekuwa wa mwisho ananunulia wawili wa juu rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, mayai mawili mawili. Na hapa ule ujuzi wa binamu wa kusoma stori, ambao kwa ile saiti ungemla, unamfaa kabisa, anakumbuka nani alimsaliti nani miezi sita nyuma, anajua nani anajiandaa kubadilika kuwa mbaya, na watu wanamsikiliza.

Mpira bado anaweka 3,000 Jumamosi, sikumkataza, ni mtu mzima. Ile saiti ameifuta mbele yangu. Kwa daftari ana pointi 14, mimi nina 11, na kwa onyesho linalokuja ameandika kwamba bingwa anapoteza kwa kusalitiwa na mtu wake mwenyewe, amepigia mstari mara mbili.